Peusi Nyuma ya Baiskeli

Nilikuwa na darasa la nne na kamera ya miguu mitatu, kwa hiyo Ihembe nzima hakuna msomi aliyenizidi. Jumbe wetu akanitaka nipige picha barabara siku ya kuifyeka, ili Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, aone watu wanavyomtii.

"Lakini jicho lije kwangu kwanza," akasema. "Halafu baiskeli yangu. Hao wengine ni majani tu."

Hiyo niliiweza. Picha nilichapa kwa jua, mlangoni kwangu: kioo cha kamera kilichonasa sura juu, karatasi chini, inaiva polepole mpaka inakuwa nyeusi. Unapotaka pang'ae, unapakinga jua kwa kipande cha boksi. Unapotaka pafifie, unapaacha paungue. Uso wa jumbe nikaukinga, ukang'aa kama umepakwa samli.

Ndipo nikamwona shemeji pichani, mume wa dada yangu. Nyuma ya gurudumu, kibuyu cha pombe ya rubisi mkononi, anaichekea kamera kwa meno yote. Na siku ile alimtumia jumbe salamu kwamba homa imemlaza, hata uji haupiti! Aliyekwepa kazi ya barabara mara ya pili alichukuliwa na askari. Wawili walishachukuliwa mwaka ule, na hawajarudi. Kwa shemeji hii ilikuwa ya pili.

"Shemeji, umekwisha," nikamwambia alipopita na dada.

"Si unifute? Fundi gani wewe!"

"Sura hiyo hata jua linaiogopa."

Tukacheka. Dada hakucheka.

Kukata picha nisingeweza, baiskeli ingeenda na shemeji. Nikaifunika yote, nikaacha tundu dogo juu ya uso wake. Jua likamla mpaka akawa mweusi tii. Nikajisifu.

Jumbe akaja na askari wake.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba."

Akaishika picha. Uso wake hakuutazama, wala baiskeli. Jicho lilikwenda moja kwa moja pale peusi. Picha nzima rangi ya vumbi, halafu doa moja kama shimo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha.

"Hapa pana nini?"

"Jua hilo, jumbe. Lina wivu na baiskeli yako."

Hakucheka. "Lete kioo."

Akakiinua juani. Kwenye kioo kila kitu hugeuka: alisimama mtu mweupe mwenye meno meusi. Jumbe akamtazama kwa muda mrefu.

"Shemeji yako, homa imepoa?" akauliza kwa upole. Upole ule ndio ulionitoa jasho.

"Anaendelea, jumbe."

"Chapa nyingine. Safari hii mikono weka nyuma."

Nikaweka karatasi juani, nikasimama mikono nyuma kama mwanafunzi mtoro. Zilitokea nywele, kisha macho, kisha kibuyu. Meno yalibaki meupe, yananichekea. Jumbe hakungoja iive. Alimwashiria askari kwa kichwa, naye akashika njia ya migombani, kwa dada.

Dada alikuwa anatwanga, nilimsikia. Kisha mchi ukasimama.