Makatibu Watatu, Sanduku Moja

Baba yangu alikatwa vidole viwili na msumeno wa kiwanda cha mbao Magamba. Siku ile alianza kula ugali kwa mkono wa kushoto, mama akamgombeza kwa kukosa adabu kabla hajaona kitambaa chenye damu. Naanzia huko kwa sababu kwa ajili ya vidole vile kiwanda kilinipa kazi, kubeba barua hadi posta ya Lushoto. Shule niliishia la nne. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi tukapunguzwa, ila Meneja wa kampuni mpya ya intaneti mjini alisikia kwamba najua barua.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mzee, seva ni posta tu. Haina mhuri, basi."

Fundi wa Tanga alinifundisha wiki mbili, akashuka zake. Seva ni kompyuta isiyozimwa. Yetu ilibeba vikoa vitatu, yaani majina matatu ya mtandaoni: la hospitali ya misheni, la ushirika wa mboga, la hoteli. Tovuti hazikunisumbua. Kila jina nililitengea folda yake. Ukiita ushirika unaona kabichi. Barua pepe ndizo zilizoniumbua.

Kwetu barua ya ofisi huandikiwa cheo, maana mtu huhamishwa, cheo kikabaki. Basi wote watatu walitaka anwani ya katibu. Nikafungua mtumiaji mmoja, katibu, nikawapa wote nywila ile ile, nikidhani mashine itatenganisha yenyewe kama karani wa posta. Kumbe nilivyoipanga, ilisoma neno lililotangulia alama ya @ tu. Ilitaka jedwali, kila anwani na sanduku lake. Fundi hakunionyesha, nami niliona haya kuuliza. Aliyewahi kufungua asubuhi alizoa barua za wote. Walipolalamika, nililaumu mvua.

Jirani yangu Mwanaidi alikuwa akingoja kitanda Dar es Salaam, afanyiwe upasuaji wa moyo. Mumewe, Hoza, alipita kila siku dirishani pa ofisi yetu kuulizia barua ya Dar.

"Shikamoo, mzee. Hospitali wanasema barua bado."

"Marahaba. Itakuja tu."

Tulimzika Mwanaidi siku ya Ijumaa. Tukitoka makaburini, Katibu wa ushirika akanishika bega, akaniita bwana kwa Kisambaa. "Mghosi, watu wa Dar wana vituko! Wiki jana waliniandikia eti kitanda kipo, nimlete mgonjwa kabla ya Jumatatu. Mimi na karoti zangu! Nikafuta."

Kesho yake nikamweleza Meneja.

"Laini ya simu ilikatika," akasema.

"Haikukatika."

"Mzee, una wajukuu. Ilikatika."

Hoza alikuja akiwa bado na udongo kwenye viatu, akauliza barua ilikwama wapi. Meneja akamjibu hivyo hivyo. Hoza hakumsikiliza, akanitazama mimi.

"Ni kweli, mzee wangu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi. Mungu ndiye aliyepanga." Akanishukuru kwa kuhangaika.

Nikakaa, nikaliandika lile jedwali. Masanduku matatu, nywila tatu. Nikatuma barua ya majaribio kwa kila katibu. Kila moja ikaangukia kwake. Kazi ya nusu saa, ninyi vijana, nusu saa tu. Nikaacha ufunguo juu ya seva ikinguruma, nikashika njia ya Magamba. Meneja aliniita mara mbili. Sikugeuka, na mlango ule sijauingia tena.