Hotuba Yangu ya Robo Tatu

Tangu Jumamosi sitaki kuona mwandiko wangu mwenyewe. Hata sasa, nikitazama hizi herufi zangu za duara ambazo mwalimu huzisifu, nataka kuzimwagia maji ya kuoshea samaki. Lakini nisipoandika sitalala, basi naandika.

Ilianzia darasani. Mwalimu wetu wa uraia alikuja na swali ambalo watu walikuwa wanalibishania kwenye redio: je, kura za wabunge za kumwondoa Rais zipandishwe, kutoka theluthi mbili mpaka robo tatu? Akagawa darasa. Waliokaa upande wa dirisha waseme ndiyo, waliokaa upande wa ukuta waseme hapana. Hakuna aliyetuuliza tunaamini nini. Mimi hukaa dirishani kwa sababu ya joto, hivyo nikawa mutu wa ndiyo.

Kusema mbele ya watu siwezi. Machozi yanatoka bila kuitwa. Kwa hiyo niliandika mimi, na rafiki yangu mwenye sauti akasoma. Niliandika kwamba Rais si shati, ulivue kwa kuwa leo umesikia joto. Niliandika kwamba wabunge wanaweza kununuliwa, wanaweza kukasirika kwa siku moja, na nchi ikakesha bila kichwa. Upande wa ukuta waliuliza swali moja tu: na kama Rais ndiye aliyewanunua? Rafiki yangu aliruka swali hilo, akasoma tena mstari wa shati. Hata hivyo tulishinda. Mwalimu alisema aliyeandika yale ana akili ya wakili.

Mama alifurahi mpaka akaenda kuhadithia kwenye vitanda.

Vitanda ni zile nyavu zilizotandikwa juu ya miti, pale pwani ya ziwa, ambapo mama na wenzake wanakausha chisense, samaki wadogo kama kidole cha mtoto. Kikundi chao kina wanawake ishirini na wanne. Kila mmoja ana meda yake, kopo la bati la kupimia samaki, lenye alama yake ya rangi. Meda zote zinakaa kwenye kibanda kimoja. Kura ya kumtoa kiongozi inaweza kuombwa Jumamosi yoyote, na meda zinapangwa mstari mmoja. Anayetaka atoke, anapindua yake, kinywa chini. Asiyetaka anaiacha imesimama. Karatasi hawatumii, juu wengi hawasomi. Na siku zote wanawake saba wako kisiwani Chisenga wananunua samaki kwenye kambi za wavuvi. Meda zao zinabaki mstarini, zimesimama. Tulikuta mambo yako vile, hakuna aliyewahi kuyashangaa.

Kiongozi wao wanamwita Prezida. Alivuka ziwa na sisi tulipokimbia kwetu, akalala kambi ya wakimbizi ya Kenani chini ya turubai moja na sisi, akala uji wa sufuria moja na sisi. Kazi yake ni kugawa vitanda kwa zamu. Lakini zamu zilikufa. Vitanda vya juu, penye upepo, vikawa vyake na vya wifi zake wawili. Kitanda cha mama kikashushwa karibu na choo, pale maji ya kuogea yanapopita, na jua linafika asubuhi ikiwa imeshazeeka. Chisense wanataka jua mapema. Wakichelewa siku moja tu, inzi wametaga. Nimeokota funza mule kwa vidole hivi ninavyoshikia kalamu. Mama alikuwa anauza kwa wafuga bata, na karo yangu ya shule inatoka kwenye kitanda hicho hicho.

Wanawake walikuwa wamechoka. Walikuwa wamehesabiana kimyakimya: wa kupindua hawakosi kumi na sita, theluthi mbili kamili, ile inayotakiwa. Mama aliniambia mwenyewe tukichambua samaki. Naandika hili ili kesho nisijidanganye: nilijua.

Jumatatu Prezida alikuja nyumbani, mama akiwa ziwani. Alileta mkate.

"Mutoto ya akili," aliniita. "Nasikia uliandika maneno mpaka mwalimu alikosa kiti ya kukaa."

Nikaukata mkate.

"Bon. Tunakosa sekretere mu kikundi. Njo weye. Na ile karatasi, uigeuze mu Kiswahili yetu, utusomee. Bamama nabo bajue vile Bunge inafanyaka."

"Nisome miye?"

"Nani mwingine? Bibi wa kitanda ya mwisho, asiyejua hata jina yake ikiandikwa?" Akacheka, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Hakunitisha. Hakunipa kitu zaidi ya mkate. Nilikaa mchana wote nikigeuza, nikifuta "Rais" naandika "Prezida," nikifuta "nchi" naandika "kikundi," na kila sentensi iliponikaa vizuri mdomoni nilisikia raha. Sikufikiri kuhusu kitanda cha mama hata mara moja. Nilikuwa nafikiri neno gani linapendeza baada ya neno gani.

Jumatano nilisoma mbele yao wote, maana ndiyo siku waliorudi kisiwani walikutana na wanaokwenda. Karatasi niliishika mbele ya mdomo.

"Sema kwa nguvu!" yule bibi wa kitanda cha mwisho alipiga kelele. "Inzi banasikika kuliko weye!"

Wakacheka. Nikapandisha sauti. Nilipomaliza, bibi huyo akauliza, "Sasa hii robo tatu, njo nini?"

Prezida akajibu kabla yangu. "Njo vile bakubwa ba Lusaka bananena. Kikundi iwe na heshima kama inchi. Ao tubaki nyuma, batu baseme sisi ni bakimbizi tu?"

Neno hilo la wakimbizi ndilo lililowashika. Walinyoosha mikono karibu wote kukubali robo tatu. Mama pia alinyoosha, huku anawaangalia wenzake, anawaonyesha kwa kidevu kwamba aliyesoma ni mtoto wake.

Alhamisi Prezida akachagua saba wa kukaa kisiwani wiki mbili. Wifi zake wote wawili walikuwemo kama macho yake, na wengine watano ambao kwa kawaida hulalamika sana.

Jumamosi meda zikapangwa. Wanawake walipita mmoja mmoja. Bati likigonga mchanga halilii, linafanya pu tu. Pu, pu, pu. Mama alipindua yake kwa mikono miwili. Mimi nilikaa na kitabu magotini, na ndipo kichwa changu cha wakili kikaanza hesabu ambayo kilipaswa kuifanya Jumatatu. Ishirini na wanne, robo tatu yake ni kumi na nane. Waliopo pwani, ukimtoa yeye, ni kumi na sita. Hata wote wakipindua, hata mawe yakipindua, haifiki.

"Sekretere," Prezida aliniita kwa upole. "Zimepinduka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na zinatakiwa ngapi?"

Nikafungua kitabu ukurasa wa Jumatano.

"Mutoto, si weye ulitufundisha? Ngapi?"

"Kumi na nane."

"Voilà. Andika: Prezida anabaki."

Bibi wa mwisho akasimama. "Na hizi za kisiwani? Nani alibauliza benyewe?"

"Miye nilizisimamisha?" alisema Prezida. "Zimesimama zenyewe. Uliza sheria. Ulinyosha mukono, ao mukono ilikuwa ya jirani?"

Wote waliniangalia mimi, hawakumwangalia yeye. Nikaandika: kumi na sita wamepindua, saba hawakuulizwa, moja ni ya Prezida. Akaniambia nisome. Nikasoma kama ilivyo. Alitabasamu, akachukua kalamu mkononi mwangu taratibu kama anayemwondolea mtoto kisu, akasema kikundi kitatafuta sekretere anayejua kusikia. Kisha akaanza kugawa vitanda. Cha mama kikabaki palepale.

Mimi sijui Bunge. Labda kule Lusaka kuna sababu nzuri za robo tatu ambazo sizijui. Lakini nimeona kwamba mutu anaweza kuupandisha ukuta huku amesimama ndani, akauita ukuta huo heshima, na kumtafuta mtoto mwenye maneno mazuri aupake rangi. Kinachonichukiza ni uso wake, ule upole. Halafu kinachonichukiza zaidi ni kwamba mkate ule niliumaliza wote, na ulikuwa mtamu.

Nyumbani tulichambua samaki. Wazuri kulia, wa bata kushoto. Wa kushoto walikuwa wengi, harufu imejaa nyumba. Nilisema, "Mama, unisamehe."

"Juu ya nini?"

"Nilijua muko kumi na sita. Nikaandika tu."

Alitupa samaki wawili upande wa bata. Kisha akasema, "Miye pia nilinyosha mukono. Nilikuwa naangalia weye, sikusikia hata neno moja."

Sikujua mutu anaweza kusamehewa namna inayouma hivyo.

Baadaye akaanza kuhesabu kwa samaki, sakafuni. Saba kisiwani. Akawatoa wawili, wifi za Prezida. Wakabaki watano. Kutoka kwa watano akavuta wawili, akawaweka pamoja na kumi na sita.

"Hawa babili barudi mbele ya Jumamosi inayokuja, tuombe kura tena, bapindue na mukono yabo. Inatosha," alisema.

"Nani atabaambia?"

"Sisi tukiacha kitanda siku moja, anakipa mwingine. Weye shule imefunga, enda weye."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia nitaandika barua, nzuri, fupi. Mama akafuta mikono kwenye kitenge.

"Hawasomi. Utakaa chini nabo, utabaambia vile ulifanya na vile ilikuwa. Kwa kinywa."

Mashua ya wanunuzi inaondoka kesho asubuhi kwenda kisiwani, nami nitapanda. Nilikuwa nimeanza kuandika kwenye karatasi nyingine maneno ya kuanzia, mama akayaona, akaikunja karatasi na kuisukuma motoni chini ya sufuria.