Sauti Yangu Ilimwita Anko Mwizi

Nilikosea, na nimechoka kuwaambia watu kwamba mashine ndiyo ilikosea. Mashine ilifanya nilichoiambia. Naandika hapa kwa sababu hamnijui.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba Kawangware 46, hapa Nairobi. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za simu, nikishona na kufumua, nikishona na kufumua. Mshono ukipinda hata kidogo, silali. Sasa mtu wa aina yangu akisikia fundi mwenzake kule Riruta amevunjiwa mlango na kuibiwa cherehani, mnadhani atafanya nini? Nilianza kutazama video za ving'ora.

Nikachagua kimoja chenye huduma ya ulinzi. Mtu akifungua mlango bila kubonyeza namba za siri, kinalia, kisha kampuni inakupigia simu na kutuma walinzi. Muuzaji aliniuliza, "Majirani wanajua? Nani mwingine ana ufunguo? Na walinzi watakupata aje huko ndani?"

Nikamwambia watafute geti la bluu. Huku kwetu kila geti ni la bluu. Na mahali pa mtu wa kupigiwa nikaweka namba yangu peke yake, kwa sababu niliamini hakuna mwingine angejibu maswali vizuri.

Lakini kosa lenyewe ni sauti. Kile king'ora ungeweza kukirekodia maneno yako badala ya mlio. Nikawaza, mlio nani ataujali? Watadhani ni gari la mtu. Kwetu kuna neno moja tu linalotoa watu nje. Nikajifunika blanketi ili mwangwi usiingie, nikapiga kelele: "Mwizi! Mwizi ako ndani!"

Mara ya kwanza nilisikika kama mtu anayeuza nyanya. Nikarudia. Ya pili ilikuwa na kikohozi. Mama Ndunge, jirani yangu, akagonga ukuta.

"We kijana, uko sawa?"

"Niko sawa Mama, narekodi tu."

"Basi rekodi ukiwa umenyamaza."

Nilirudia mpaka ikawa na uchungu wa kweli. Wiki nzima niliiboresha ile sauti, na sikupata dakika ya kumpigia Anko Owiti kumwambia kwamba mlango sasa una king'ora.

Anko Owiti ni kaka wa mama yangu, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, kule Kibera. Ndiye aliyenipokea nilipokuja Nairobi, na ndiye mtu pekee mwenye ufunguo wangu wa pili. Akipata omena nzuri huja mchana watu wakiwa kazini, anafungua, ananiwekea kwenye sufuria, anaenda zake. Sikuwahi kumtambulisha kwa jirani hata mmoja.

Basi siku moja niko Riruta nampima bibi harusi kiuno, simu ikaita. Ni dada wa kampuni.

"King'ora chako kinalia. Tafadhali taja neno lako la siri."

Neno hilo nililitunga mwenyewe. Refu, lina namba, lina herufi kubwa katikati, halina kasoro. Sikulikumbuka.

"Dada, mtu wa kuingia hapo mchana ni anko wangu."

"Samahani, hilo si neno la siri."

"Anaitwa Owiti."

"Hilo pia si neno la siri."

"Basi zima hiyo sauti, watamuua!"

"Walinzi wako njiani. Geti la bluu, sivyo?"

Nilikimbia na tepu shingoni.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na Mama Ndunge na Anko mwenyewe. Anko alifungua mlango, akasikia sauti yangu ikilia kwamba mwizi ako ndani. Naye akaamini! Akajua mtoto wa dada yake anauawa. Akashika mkasi wangu wa kukatia vitambaa, akachungulia chini ya kitanda, hakuniona, akatoka mbio akiuliza, "Ako wapi? Huyo mwizi ako wapi?"

Nje watu walikuwa wameshajaa kutoka barabarani, wengine na mawe. Wakaona mwanaume wasiyemjua, mkasi mkononi, anatoka kwenye nyumba inayolia mwizi. Neno hilo likishatoka, huku hakuna anayeuliza. Wakamshika.

"Mimi ni mjomba wake!"

"Kila mwizi ni mjomba wa mtu," kijana mmoja akamjibu, jiwe liko juu.

Mama Ndunge ndiye aliyejipenyeza na mwiko wake wa ugali, akaona mfuko pale mlangoni. "Ngojeni. Ni mwizi gani anakuja kuiba akibeba omena?"

Jiwe likashuka polepole.

Nilipofika, Anko alikuwa kwenye kigoda, shati limechanika begani, Mama Ndunge anammiminia chai. Shati hilo nilimshonea mimi. Na hapa niseme ukweli wote: kitu cha kwanza nilichotazama ni mshono. Ulikuwa haujaachia, kitambaa ndicho kilipasuka. Nikafurahi kidogo. Mungu anisamehe.

Nikazima king'ora. Anko akaniuliza, "Hiyo sauti ni yako?"

"Ni yangu, Anko."

"Ulisema kama unaniona."

Walinzi walifika omena ikiwa jikoni. Walikuwa wamezunguka kila geti la bluu.

Wewe unayetafuta king'ora, usiangalie bei na taa zake tu kama mimi. Uliza walinzi wanatoka wapi, na waje waujue mlango wako kabla ya siku ya shida. Weka namba ya jirani. Neno la siri liwe lile unaloweza kulitamka ukitetemeka. Kiache kilie kama king'ora, wewe usikifundishe kuongea. Na kabla fundi wa king'ora hajatoboa ukuta, mpigie kila mwenye ufunguo wako.

Ile sauti niliifuta jioni hiyohiyo. Anko bado ana ufunguo, lakini hautumii. Akija anasimama getini, anapaza sauti: "Ni Owiti, mjomba wa fundi! Nimeleta omena, sijachukua kitu!"

Majirani wa ploti nzima wanacheka. Mimi natoka kumfungulia, na bado sijaweza kucheka.