Mpangaji wa Nyumba Tupu

"Milioni themanini hakuna anayetoa, shemeji! Soko la nyumba Dar limelala." Bwana yule aliinua mikono kama anayeapa. Mjane mmoja kutoka kijiji cha Mbwera akamkazia macho. Alipoingia eda alimkabidhi shemeji yake huyu funguo za fleti ya marehemu, aiuze, watoto wasome. Mwaka umepita, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Nilikuwa hapo ofisi ya mtendaji, Kibiti, nikisubiri muhuri. Mama akatoa simu ya marehemu, ambayo hajapata moyo wa kuizima, akaiweka mezani.

"Soma kwa sauti, mwanangu."

Mtendaji akasoma ujumbe wa msimamizi wa jengo la fleti: "Mzee, mpangaji wako hajalipa maji miezi mitatu sasa."

"Mpangaji gani, shemeji, kwenye nyumba tupu?"

"Nilimweka ailinde tu..."

"Na kodi anamlipa nani?"

Bwana akainama kufuta kiatu kisicho na vumbi.

Soko limelala kweli, sikatai. Kiwanja changu cha Ikwiriri nakiuza mwaka wa pili, hata wa kuuliza bei hakuna. Lakini nani ataharakisha kuuza kinachomlisha?

Bwana, najua gazeti hili unalisoma. Rudisha funguo za yatima, na kodi yao yote.