Kigingi Kilichobaki

Somo la nukta na mistari nililihamishia uwanjani, pale shuleni Bura, maana darasani wanafunzi walikuwa wananisinzilia. Nilipigilia vigingi viwili nikavuta kamba ya katani katikati, vile wazazi wao hufanya wakipanda mboga.

"Nukta mbili, mstari mmoja tu," nikawaambia.

Msichana mmoja akang'oa kigingi kimoja, akaizungusha kamba kila upande. "Mwalimu, ikibaki nukta moja, mistari ni mingapi?"

"Haihesabiki. Yote inapita hapo hapo," nilimjibu kwa ukali, nikakirudisha kigingi mwenyewe.

Tangu nifiwe na mume wangu, naishi peke yangu Mwatate, kando ya barabara. Jioni hiyo nilikaa mlangoni. Magari ya Voi yalipita, ya Taveta yakapita, yote hapo hapo mbele yangu. Hakuna aliyeshuka kuja kwangu.