Chupa ya Ng'ombe Mwekundu

Siku ile ya kijijini Sepuka haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila ikinijia naona haya. Nilikuwa bibi mifugo mgeni kabisa, nimetoka chuo juzi, kichwa kikubwa! Tulikuwa tunachukua damu za ng'ombe zikapimwe ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao hata mtu huupata kwa maziwa mabichi, au kwa kumshika ndama aliyetupwa.

Zizi la mwisho lilikuwa la Mzee Kitiku. Ng'ombe watano. Wanne nikawamaliza vizuri. Wa tano, mwekundu, alinipiga teke nikakaa kwenye mavi, watu wote wakacheka. Nikapandwa na hasira. Nikarudi kwa yule mpole aliyesimama kando yake, nikamchoma mara ya pili, nikaijaza chupa ya mwekundu.

"Binti, huyu mwekundu bado," Mzee akasema.

"Mzee, wote wanalala zizi moja. Damu ni ile ile."

Mimi ndiye niliyesoma, angesemaje?

Majibu yakaja: wote wazima. Kumbe Mzee alikuwa anayangoja. Unajua kwetu Unyaturu, mwenye ng'ombe humpa jirani asiye na mifugo ng'ombe mmoja akae naye, watoto wapate maziwa. Mwekundu akapewa Mama Salome, mjane wa watoto watatu. Mzee akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, huyu amepimwa." Neno lile lilikuwa langu, mwanangu.

Miezi haikupita mingi, ng'ombe akatupa mimba. Mama Salome akamvuta ndama kwa mikono mitupu. Baadaye homa ikamshika, inapoa inarudi, viungo vyote vinauma. Hospitali wakapima, wakaukuta ugonjwa ule ule. Niliposikia nikaenda kumchukua damu mwekundu, safari hii ya kwake kweli. Alikuwa nao.

Nikaenda kwa Mama Salome nikamweleza yote, nalia. Nilitaka anitukane. Akajikanda kiuno, kisha akasema, "Ungesema tu kwamba umeshindwa. Tungekushikia."

Basi. Hakuongeza neno. Dawa alitumia, homa ikaisha, lakini kiuno hakikurudi. Mpaka leo analima amekaa chini, anajiburuta na jembe lake, nami nikipita njia ile namwamkia shikamoo huku nimeinamisha macho.

Sasa wewe unaanza kazi kesho kutwa. Ng'ombe atakushinda, wala si ajabu. Omba kamba, ita watu, rudi siku nyingine. Akikushinda kabisa, iache chupa yake tupu na uandike kwamba hukumchukua. Watacheka, waache wacheke. Kwenye jibu la chupa ile kuna mtu anasubiri kunywa maziwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono uliotulia, na akupe mdomo wa kusema "nimeshindwa" mapema, ule nilioukosa mimi.