Mgeni Habebi Sahani

Kama umewahi kula kwenye sherehe yoyote pale Gakindu, iwe harusi, mazishi au kumkaribisha mchungaji mpya, basi umekula chakula cha Nduta. Na sema ukweli, hukumwona. Alikuwa nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa moshi, akipigana na sufuria ya kuweza kuogeshea mtoto. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka akastaafu, akarudi kwenye shamba lake la kahawa, na watu wakafurahi kwamba sasa ana nafasi ya kuwapikia. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Hata siku ya kumzika mumewe, mtu alimwinamia sikioni akamwambia mchuzi umezidi chumvi, na Nduta akainuka kwenye kiti cha mjane akaenda kuurekebisha. Jambo hilo bintiye Njoki, mwalimu kule Nanyuki, hakulisahau. Shule zilipofungwa mwaka huu alimwambia mama yake afunge mizigo, wanaenda Diani, kwenye hoteli ya ufuoni ambapo ukishalipiwa unakula, unakunywa na kulala bila kuulizwa kitu.

Habari zilimfikia Muriithi, shemeji yake Nduta, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuja mpaka getini.

"Mama Njoki, ati unaenda baharini? Na ruracio ya Shiro iko Jumamosi?"

Shiro ni binti yake, na ruracio ndiyo siku wakwe wanapokuja kuleta mahari na kulishwa mpaka washindwe.

"Nitarudi Ijumaa, Baba Shiro."

"Sasa nani atapanga mambo ya jikoni?"

"Si boma ni yako? Panga."

Alijibu hivyo, lakini gari lilipopita Karatina alikuwa bado anageuka kutazama nyuma.

Hotelini walimfunga bangili ya plastiki ya bluu, wakamwambia kila aliyeivaa ni mgeni. Kesho yake aliamka alfajiri, akatandika kitanda, akapangusa sakafu ya bafu kwa taulo. Msichana wa usafi alipofungua mlango aliomba radhi akaondoka, akidhani chumba kimeshasafishwa na mwenzake.

Kisha ikaja chai ya asubuhi. Nduta alikula haraka kama alivyozoea, akapanga sahani yake juu ya ya Njoki, akahamia meza ya pili, akahamia ya tatu. Mzungu mmoja alibaki ameshika uma hewani, yai lake likiondoka. Njoki aliita "Mami! Mami!" lakini wapi. Mlangoni pa jikoni alikutana na mhudumu mmoja, Wasike, kijana wa Bungoma.

"Mama, unaenda wapi na hizo?"

"Nawasaidia. Naona mko wachache."

"Uko na bangili. Mgeni habebi sahani."

"Mimi siwezi kaa tu hivi."

"Jaribu, mama. Ikikushinda, kuja uniambie."

Wasike akampokonya mzigo, taratibu. Nduta alirudi mezani na mikono mitupu asiyojua aiweke wapi, akakaa, akaanza kulia. Njoki alidhani ni furaha. Haikuwa furaha hata kidogo, ilikuwa hasira. Alikuwa amekumbuka kwamba kwenye harusi yake mwenyewe aliosha vikombe, na kwamba kote Gakindu hapakuwa na kiti alichowahi kuwekewa akakikalia mpaka mwisho.

Basi akajaribu. Alilala kwenye kiti kirefu kando ya maji na sweta yake ya kanisani, maana upepo ni upepo hata ukiwa wa pwani. Alirudisha chai iliyopoa. Aliacha kitanda bila kutandika, akarudi mara mbili kukitazama, akakiacha hivyo hivyo. Siku ya kuondoka, msichana wa mapokezi alishika makasi ili aikate bangili.

"Wacha," Nduta akasema. "Hii nitakata mwenyewe, siku nitataka."

Jumamosi alifika kwa Muriithi akiwa na gauni lake zuri. Nyuma ya nyumba akina mama walimwona wakashusha pumzi, na mmoja akamnyooshea aproni. Nduta aliwasalimia wote kwa majina, akaipita aproni, akaenda kwenye hema akaketi safu ya mbele. Wakwe walikuwa hawajafika. Alijua kwamba akiinuka kwenye kiti hicho leo hatakaa tena mpaka siku ya kuzikwa kwake, na hata siku hiyo kuna mtu atakuja kumuuliza habari ya chumvi.

Muriithi alikuja na kofia yake mkononi.

"Mama Njoki, viazi zimeiva. Unangojwa uponde mukimo."

"Hata mimi naungoja."

"Usinifanyie hivyo leo. Wageni wako njiani."

"Wengine wameshafika." Akainua mkono wenye bangili.

"Hiyo ni plastiki tu!"

"Najua. Na sitoki hapa."

Muriithi akainama, sauti ikitoka kwenye meno. "Ukikaa hapo, hutaitwa tena kwa hii boma."

"Kuitwa kufanya nini, Baba Shiro?"

Wachuka, mke wa Muriithi, alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko, amesikia kila neno. Alimtazama Nduta, akamtazama mumewe, kisha akamtia mwiko mkononi.

"Sogea kidogo," alimwambia Nduta, akaketi.

Vijana waliokuwa wakichoma mbuzi waliitwa kwenye sufuria, na kelele zao zilisikika mpaka barabarani. Wakwe walifika, wakaimba getini, wakafunguliwa, wakangoja sana. Hatimaye chakula kikaletwa na wana wa Muriithi, mashati yamejaa viazi. Mukimo ulikuwa na mabonge, na chumvi ilikuwa ya watu watatu waliotia bila kuulizana. Muriithi alisimama kando, macho yote kwa Nduta, akingoja akunje uso.

Nduta aliula wote bila haraka. Kisha akainua sahani juu, bangili ikateremka mpaka kiwikoni.

"Niongezeeni," akasema.